Kuandaa sera ya vijana ya mkoa kwa kuwasikiliza wenyewe: mwongozo wa kazi kwa Unguja na Pemba

Kabla ya barua za mwaliko, kabla ya gari na mafuta, nunueni daftari moja kubwa. Liiteni Daftari la Majibu. Lipigeni mistari ya safu saba: nambari ya hoja, shehia (eneo dogo la utawala linaloongozwa na sheha) na kundi lililoitoa, maneno yenyewe kama yalivyosemwa, mada, nani mwenye mamlaka juu ya jambo hilo, uamuzi uliofikiwa na sababu yake, na kifungu cha sera ilipoingia hoja hiyo. Kila litakalosikika shehiani litaandikwa humo, na kila kifungu cha sera kitaonesha nambari ya hoja iliyokizaa. Kifungu kisicho na nambari kimetoka kichwani mwa mwandishi. Hoja isiyo na uamuzi maana yake kuna mtu alitupa wakati wake na sisi tukamtupa yeye.

Tunalitanguliza daftari kwa sababu vijana wa visiwani wamekwisha kuitwa vikaoni mara nyingi. Karatasi za mahudhurio wamezisaini, juisi wamekunywa, maoni wametoa. Jawabu ndilo wasilolipata. Mwongozo huu umepangwa ili jawabu lipatikane, na hatua zote zilizomo zinalisha daftari hilo au zinalitumia.

Mifano mingi ni ya Kaskazini Pemba, mkoa wenye wilaya mbili, Wete na Micheweni, na watu 272,091 kwa Sensa ya 2022. Mkoa mwengine ubadilishe majina ya shehia, utaratibu ubaki.

Hatua ya 1: Jueni mkoa unaweza nini

Mkoa hautungi sheria wala hautozi kodi. Sera ya vijana ya nchi iko mikononi mwa wizara inayoshughulikia vijana. Mkoa unafanya kazi chini ya Sheria ya Tawala za Mikoa Namba 8 ya 2014, na manispaa, mabaraza ya miji na halmashauri yana Sheria ya Serikali za Mitaa Namba 7 ya mwaka huo huo. Kwa hiyo sera ya mkoa ni ahadi ya namna mkoa utakavyotumia nguvu ulizonazo: kuratibu, kusimamia, kuziita ofisi zilizo ndani ya mkoa zikae meza moja, kufuatilia na kuombea fungu la fedha. Nguvu hizo si haba, ila zina ukingo. Ukingo usiposemwa mapema, waongozaji wa vikao wataahidi ya wizara na mkoa utalaumiwa kwa yasiyo yake.

Andaeni karatasi moja ya mamlaka, upande mmoja tu, yenye mafungu manne. Fungu la kwanza ni yanayomalizika mkoani na wilayani: matangazo, uratibu, nani anaitwa kwenye vikao vya maendeleo, matumizi ya majengo ya mkoa. La pili ni ya serikali za mitaa: masoko, usafi, leseni za biashara ndogo, viwanja vilivyo chini yao. La tatu ni ya wizara na taasisi za Serikali ya Mapinduzi: skuli, mafunzo ya amali, ardhi, uvuvi, mikopo ya Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi. La nne ni ya Muungano: polisi, uraia, elimu ya juu, posta na simu. Kijana wa Makangale akisema mtandao wa simu haushiki kijijini kwake, hilo ni la fungu la nne. Mkoa kazi yake ni kuandika barua, kuifuatilia na kumrudishia majibu. Kuna mambo yanayochanganya, na wasaidizi wenu wayajue: elimu ya juu ni jambo la Muungano, lakini Zanzibar ina Bodi yake ya Mikopo ya Elimu ya Juu, kwa hiyo lalamiko la mkopo wa chuo lisipelekwe Dodoma kwa mazoea.

Umri umekwisha kuwekwa. Mkataba wa Vijana wa Afrika, uliopitishwa Banjul Julai 2006 na ambao Tanzania imeuridhia, unamhesabu kijana kuwa mtu wa miaka 15 hadi 35, na kifungu chake cha 12 kinataka sera ya vijana ijengwe kwa kushauriana nao kwa upana. Wakati huo huo Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, inamtambua aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Hawa wa miaka 15 hadi 17 wako katika sheria zote mbili: wana haki ya kusikilizwa, na mzazi au mlezi lazima aulizwe kwanza. Tayarisheni fomu fupi ya ridhaa ya mlezi, yenye sentensi tano, na aisomewe asiyejua kusoma.

Hatua ya 2: Ratiba ihesabiwe kinyumenyume

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na bajeti husomwa Baraza la Wawakilishi Mei na Juni. Makadirio ya mkoa huwa yamekwisha kupangwa miezi kadhaa kabla ya hapo. Sera ikisainiwa Machi imekosa mwaka mzima wa fedha, na mwaka mzima ni mwingi kwa kijana aliyekwisha kuambiwa asubiri. Lengeni kusaini Oktoba. Ukirudi nyuma kutoka hapo: Septemba rasimu inarudi shehiani, Agosti hoja zinapangwa, Juni na Julai ni kusikiliza, na Januari hadi Mei ni matayarisho. Masika ya Machi hadi Mei hayafai kwa safari za shamba kwa vyovyote vile.

Ramadhani husogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo ratiba ya mwaka jana haifai kunakiliwa. Msimu wa karafuu nao uulizwe shehia kwa shehia. Mchumo ukipamba moto Mtambwe, hata mtoto wa darasa la tano yuko chini ya mkarafuu akiokota mpeta, yaani karafuu zilizodondoka, na kikao chenu kitahudhuriwa na wazee.

Timu ya watu kumi inatosha: mratibu mmoja, mtunza daftari mmoja, na jozi nne za muongozaji na mwandishi. Jozi mbili ziwe za wanawake watupu. Wapeni mafunzo siku tatu, na siku ya tatu wakafanye kikao cha majaribio katika shehia isiyo kwenye orodha. Muongozaji anayeshindwa kunyamaza siku hiyo apewe kazi nyengine. Ni kipaji kizuri, lakini si cha hapa.

Hatua ya 3: Chagueni shehia kwa maisha yake

Shehia zote haziwezekani kufikiwa kwa vikao vya makundi, na kuchagua zilizo karibu na barabara kuu ndiyo njia fupi ya kupotea. Chagueni 12 kwa kuangalia watu wanakula nini na wanapata wapi. Kwa Kaskazini Pemba, orodha nzuri itakuwa na mji (Wete penyewe), soko (Konde), bandari ya samaki (Tumbe), karafuu (Mtambwe), sehemu za mawe ambako vijana hupasua kokoto (upande wa Micheweni na Kiuyu), ukanda wa msitu na hoteli (Makangale), pwani ya mwani, na angalau visiwa viwili vidogo kama Kojani na Fundo. Visiwa vidogo husahauliwa kwa sababu ya nauli ya mashua. Ingizeni nauli hiyo kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, kwa jina lake, ili asipatikane wa kuikata.

Hatua ya 4: Kumwita kijana

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika kabla haijaanza, na sababu ni neno lenyewe. Mtaani ukitangaza "vijana mnaitwa skuli", wanaokuja ni wanaume. Mwanamke wa miaka 19 aliyeolewa haitwi kijana kijijini kwake. Ni mke wa fulani, mama wa fulani. Aliyeachwa na watoto wawili akiwa na miaka 22 naye hajihesabu humo, ilhali ni miongoni mwa wanaohitaji sera hii kuliko wote. Tangazo liseme wazi: "Wanawake na wanaume wa miaka 15 hadi 35, walioolewa na wasioolewa, walioachwa, wanaosoma na wasiosoma." Ni refu, lakini linaleta watu ambao lile fupi haliwaleti.

Tumieni njia tatu kwa pamoja. Ya kwanza ni sheha, kwa sababu bila barua kwake hakuna kikao. Ya pili ni baraza la vijana la shehia. Mabaraza haya yapo kwa mujibu wa Sheria ya Baraza la Vijana Namba 16 ya 2013, na yanajua nani anakaa wapi. Ya tatu iwe nje ya ofisi zote mbili: ustadhi wa madrasa, kocha wa timu ya mpira, kiongozi wa kikundi cha mwani, mwenye duka, muuguzi wa kliniki ya watoto. Kila njia ipewe idadi yake. Kwa kundi la watu kumi, watatu waletwe na sheha, watatu na baraza la vijana, wanne na njia ya tatu. Mkimwachia mmoja orodha nzima, mtapata jamaa zake na marafiki zake, na hatakuwa amefanya kosa, amewaita anaowajua.

Nauli ya washiriki iwe sawa kwa wote, isemwe mapema, na isizidi gharama ya kweli ya kufika. Posho kubwa hubadilisha orodha usiku mmoja.

Sasa wakati. Saa za kikao ni baada ya sala ya Alasiri hadi kabla ya Magharibi, yaani takriban saa 10:15 hadi saa 11:45. Ni dakika 90, na dakika 90 ndizo kikao kizuri kinazozihitaji. Msichana lazima awe amefika kwao adhana ya Magharibi ikilia. Mkichelewa siku moja, wazazi hawatawapa tena siku ya pili.

Pwani ina kalenda yake, na hiyo ni ya mwezi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hukauka sana asubuhi, saa nne hivi hadi saa tano, na wakulima wa mwani wako baharini. Jioni yake wamechoka na mwani unasubiri kuanikwa. Waiteni siku za maji mafu, takriban tarehe 7 hadi 10 na 22 hadi 25 kwa hesabu ya mwezi wa Kiislamu. Wavuvi wa dagaa ni kinyume: wao huvua kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka ndipo wanapopumzika. Siku inayomfaa mmoja inamkosa mwengine. Kwa shehia ya pwani gawanyeni makundi katika siku mbili, hata kama gari litakwenda mara mbili. Wavuvi wa mishipi na nyavu hupatikana Ijumaa baada ya sala, kwa sababu vijiji vingi haviendi baharini siku hiyo. Waliokwenda dago, yaani kambi za uvuvi za mbali, hawapatikani kwa tarehe yoyote. Hao wana sehemu yao katika Hatua ya 6.

Ukitokea msiba kijijini siku ya kikao, ahirisheni bila kuuliza. Nendeni mazikoni.

Hatua ya 5: Ndani ya kikao

Kila shehia ina makundi manne, ya watu 8 hadi 12: wasichana wa 15 hadi 19, wavulana wa 15 hadi 19, wanawake wa 20 hadi 35, wanaume wa 20 hadi 35. Jozi zenu nne zinayafanya yote kwa wakati mmoja, katika vyumba vinne vya skuli, ila pwani mlikogawanya siku mbili. Shehia 12 zinatoa makundi 48, karibu watu 480. Msiende zaidi ya shehia tatu kwa wiki, kwa sababu asubuhi inayofuata ni ya kuandika upya.

Mahali pasiwe tawi la chama, pasiwe maskani yenye bendera, pasiwe uwani kwa mtu. Madarasa ya skuli yanafaa. Ukumbi wa juu usio na njia ya kiti cha magurudumu haufai. Visiwani mwetu watu hupima mahali kabla ya kupima maneno, na Pemba zaidi. Muongozaji asivae fulana wala kofia yenye rangi za chama chochote.

Sheha afungue kikao, awakaribishe wageni, kisha aondoke. Zungumzeni naye siku moja kabla, ana kwa ana, kwa heshima yake: "Sheha, tunakuomba utufungulie, halafu utuachie vijana, na wewe tutakaa nawe peke yako kesho asubuhi tusikie yako." Masheha wengi hukubali kwa sababu na wao wana mengi ya kusema na hawaulizwi. Akibaki chumbani, mtasikia shukurani kwa serikali na ombi la kiwanja cha mpira, basi. Hiyo haina maana kwamba yeye ni mtu mbaya. Kijana anayehitaji barua ya sheha kesho kwa kitambulisho au kwa skuli hawezi leo kusema mbele yake kwamba barua hizo zinachelewa.

Maswali yasizidi sita. Swali linaloanza na "Je, mngependa..." litajibiwa "ndiyo", na "ndiyo" haina kazi daftarini. Ulizeni jambo lililokwisha kutokea:

"Fedha uliyotumia mwezi uliopita, ulipata wapi?"
"Mara ya mwisho ulipokwenda ofisi ya serikali kutaka huduma, ilikuwaje, toka ulipofika hadi ulipoondoka?"
"Nani kati ya mliosoma pamoja amefanikiwa, na alipitia njia gani?"
"Kitu gani kilikuwepo hapa kwa ajili ya vijana na sasa hakipo?"
"Jioni unakaa wapi, na kwa nini hapo?"
"Mkoa ukiwa na uwezo wa jambo moja tu mwaka huu, liwe lipi, na lipi lisubiri?"

Swali la mwisho lina nusu mbili, na nusu ya pili ndiyo yenye thamani zaidi. Orodha ya wanayoyataka huwa haina mwisho. Watu wanapobishana lipi lisubiri, hapo mnaona uzito wa kila jambo.

Mwandishi aandike maneno yenyewe. Mtu akisema "mwani haulipi, tunaumwa mgongo bure", iandikwe hivyo hivyo. Isigeuzwe kuwa "changamoto ya bei ya mazao ya bahari". Kipemba, Kikojani na Kitumbatu viandikwe kama vilivyosikika, na neno lisiloeleweka liulizwe hapo hapo bila aibu. Tafsiri ya kiofisi hufanywa mwishoni, na safu ya maneno yenyewe hubaki ilivyo ili yeyote apime kama tafsiri ilikuwa ya haki. Kinasa sauti kitumike kwa ruhusa ya kila mmoja. Akikataa mtu mmoja, kizimwe kwa wote, na asijulikane aliyekataa: wapigieni kura ya macho yaliyofumbwa.

Majina yasiandikwe kwenye karatasi ya maneno. Orodha ya nauli inakaa bahasha nyengine, kwa mtu mwengine.

Jambo zito: mara kwa mara msichana atasema, au ataanza kusema, juu ya udhalilishaji. Muongozaji asimuulize zaidi mbele ya wenziwe. Asimamishe mada kwa upole, na baada ya kikao azungumze naye pembeni. Kabla ya kuondoka mjini kila jozi iwe na namba ya afisa ustawi wa jamii wa wilaya, na ijue kituo cha Mkono kwa Mkono, kinachowahudumia waliodhalilishwa, kilicho karibu katika hospitali. Kwenda kusikiliza vijana bila matayarisho haya ni kumfungua mtu jeraha na kumwacha nalo.

Asubuhi inayofuata, kabla ya kumbukumbu kupoa, muongozaji na mwandishi wakae pamoja wasome na kujaza palipokatika. Asubuhi hiyo ni sehemu ya kazi na ilipwe kama kazi.

Hatua ya 6: Wasiofika skuli

Tengeni makundi manane ya ziada, kwa watu ambao vikao vya shehia haviwapati. Wavuvi wa dago wafuatwe dagoni. Vijana viziwi wapewe mkalimani wa lugha ya alama aliyezoea alama za huku, na maswali yapunguzwe hadi manne kwa sababu tafsiri hula muda. Walio katika nyumba za kuachia dawa za kulevya, yaani soba hausi, wasikilizwe bila msimamizi kukaa chumbani. Wanawake waliokwenda Uarabuni kwa kazi za ndani na kurudi wasikilizwe nyumbani kwa mmoja wao, mchana, wakati wa utulivu. Wapo pia wanafunzi wa dakhalia (bweni), madereva wa bodaboda, vijana wenye ulemavu wa viungo, na wale wanaotafuta riziki kwa watalii katika pwani za hoteli, wanaoitwa mapapasi. Neno hilo la mwisho lisiingie daftarini isipokuwa wamelitumia wenyewe.

Redio nayo ina kazi yake, hasa redio jamii kama ya Micheweni. Tumieni kipindi kimoja kutangaza tarehe, kimoja kusoma rasimu. Ujumbe wa sauti kwa WhatsApp unasaidia walio Dar es Salaam na Oman, lakini uandikiwe daftari lake. Aliye na simu na bando si kipimo cha aliye Fundo.

Hatua ya 7: Kupanga hoja

Makundi 56 yatatoa hoja karibu 2,000, mkikadiria 30 hadi 40 kwa kila kundi. Kateni karatasi vipande vidogo, hoja moja kipande kimoja chenye nambari yake, mvitandaze sakafuni kwenye ukumbi kwa siku nne. Kompyuta itakuja baadaye. Sakafuni watu kumi wanaona kwa pamoja, na mabishano ya "hii iende wapi" ndiyo uchambuzi wenyewe. Mada zisizidi 12.

Hesabuni makundi yaliyoitaja hoja, msihesabu mara ilizotajwa. Kundi moja lenye msemaji hodari linaweza kutaja kiwanja mara kumi na tisa. Kisha angalieni nani hakuitaja: hoja iliyotajwa na makundi 20, yote ya wanaume, na hakuna hata moja la wanawake ni hoja ya wanaume, iandikwe hivyo. Kinyume chake, hoja ya makundi mawili tu inaweza kuwa nzito kuliko zote; usafiri wa kuvuka kwa mgonjwa wa kisiwani usiku hautatajwa na Wete mjini hata mkikaa nao mwaka. Wekeni kitita maalumu cha "chache lakini nzito", na mratibu akisome mwenyewe, kipande kwa kipande.

Baada ya hapo ichukueni ile karatasi ya mamlaka ya hatua ya kwanza na jazeni safu ya tano. Itaonekana kwamba hoja nyingi si za mkoa. Msifadhaike wala msizifiche. Kila moja inaandikiwa barua kwa mwenye mamlaka, kwa mafungu, barua moja kwa kila ofisi ikiwa na hoja zake zote na shehia zilikotoka. Nakala ibandikwe nyuma ya daftari.

Hatua ya 8: Kuandika kifungu

Kifungu kinachofaa kinajibu: nani, atafanya nini, lini, kwa fungu gani, na mtu wa shehiani atajuaje kama kimefanyika. Kifungu kisichofaa tunakijua wote: "Mkoa utaimarisha mazingira wezeshi ya ajira kwa vijana." Hakuna wa kuulizwa, hakuna siku ya kuuliza.

Chukueni hoja inayosikika sana shamba: nafasi za mafunzo ya amali, kama zile za Vitongoji, husikika baada ya muda wa maombi kupita. Kifungu chake kiwe hivi: "Ofisi ya Wilaya itabandika tangazo la nafasi za mafunzo ya amali katika kila shehia si chini ya siku 21 kabla ya mwisho wa maombi. Sheha na katibu wa baraza la vijana wa shehia watasaini tarehe lilipobandikwa, na nakala zenye saini zitasomwa katika kikao cha wilaya." Gharama yake ni karatasi na gundi. Kinatekelezeka mwaka huo huo, na kijana yeyote anaweza kukikagua kwa kuangalia ukuta wa ofisi ya sheha.

Vifungu 25 vya namna hiyo ni sera nzito. Vikizidi 40, hakuna atakayevifuatilia. Rasimu yote iwe kurasa 15, kwa Kiswahili cha kusomeka, na mwishoni mwa kila kifungu ziwepo nambari za hoja. Ielekezeni Dira ya Maendeleo ya Zanzibar 2050 kwa ukurasa mmoja, ili wapangaji wa juu waone inapoingia. Msijaze kurasa tano za kunukuu mipango mengine, hazisomwi.

Hatua ya 9: Kurudi

Rudini katika shehia zote 12, kwa makundi yale yale. Hatua hii hukatwa kila fedha zinapopungua, na ikikatwa yote yaliyotangulia yamekuwa uchukuzi wa maneno ya watu. Tengeni thuluthi ya fedha za safari kwa ajili yake tangu mwanzo, katika mstari wake wa bajeti.

Kila shehia iletewe ukurasa mmoja wenye herufi kubwa na sehemu tatu: mliyosema na tumeyachukua; mliyosema na tumeyapeleka kwengine, na barua iko wapi; mliyosema na tumeyakataa, na kwa nini. Someni sehemu ya tatu kwanza. Watu wakisikia "hili tumelikataa kwa sababu mkoa hauna uwezo wa kugawa ardhi, ila tumeliandikia Kamisheni ya Ardhi", huamini na mengine. Mkianza na mazuri watasubiri mbaya huku hawasikilizi.

Kisha ulizeni mambo mawili: je, tumeyanukuu maneno yenu sawasawa? Na kifungu gani hakitafanya kazi hapa, kwa sababu gani? Jawabu la pili ndilo linalookoa sera. Hapo ndipo mtakapoambiwa kwamba tangazo likibandikwa ofisi ya sheha wasichana hawapiti njia hiyo, libandikwe na kliniki. Sahihisheni, na sahihisho liingie daftarini na nambari yake.

Ukurasa huo ubaki ukutani. Omba ruhusa usomwe msikitini baada ya sala ya Ijumaa, na usomwe pia kliniki na kwenye vikundi vya mwani, maana wanawake wengi hawatausikia msikitini.

Hatua ya 10: Saini na baada yake

Rasimu iliyosahihishwa inapitia kwa mwanasheria, kwa wizara inayoshughulikia vijana ili isigongane na sera ya nchi, na katika vikao vya wilaya na mkoa. Mabadiliko yatakayofanywa huko, hata neno moja, yaandikwe daftarini pamoja na aliyeyataka na sababu. Hilo pekee huzuia vifungu kulainishwa kimyakimya.

Daftari lenyewe liwe na nakala katika ofisi ya mkoa, ofisi ya kila wilaya, na Baraza la Vijana. Lifunguliwe mara mbili kwa mwaka, Januari na Julai, kifungu kwa kifungu, mbele ya vijana 12, mmoja kutoka kila shehia iliyosikilizwa, na nauli zao ziwe zimetengwa. Maofisa huhamishwa na masheha hubadilishwa, kwa hiyo ukurasa wa kwanza uandikwe cheo cha anayelishika daftari, si jina lake, na makabidhiano ya ofisi yasisainiwe mpaka limeonekana mezani.